Jioni Niliyomwita Cherehani Aingie

Ningesema hapana. Neno lenyewe ni dogo, na nilikuwa na asubuhi nzima ya kulisema. Walinikuta nyumbani napukuchua mbaazi, wakaketi, wakanywa chai yangu, kisha wakaniomba nimwite marehemu kwa kipaza sauti aingie uwanjani. Nikasema sawa.

Haya ninayokusimulia sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, macho yangu yakiwa mazima, na pombe niliiacha tangu nilipostaafu. Yuko mtu mmoja mwingine aliyeyaona, naye yuko hai, lakini usihangaike kwenda kumuuliza. Hatakujibu, na ukinisikiliza mpaka mwisho utajua kwa nini.

Kwanza nikueleze habari za marehemu, maana usipomjua yeye hutaelewa uzito wa nilichofanya.

Nzioka alikuwa winga wa kushoto wa timu yetu hapa Mumbuni. Sisi mashabiki timu hiyo tunaiita Syana, yaani watoto kwa Kikamba, kwa sababu ilianzishwa na vijana waliokuwa wakifukuzwa na wazee kila siku kwa kuchezea mpira kwenye malisho. Na huyo Nzioka hakuna aliyemwita Nzioka. Tulimwita Cherehani. Alikimbia kwa hatua fupi fupi za haraka, tak-tak-tak-tak, na mpira ukapita katikati ya mabeki kama uzi. Ukigeuka kuwaangalia hao mabeki unawakuta wameshonana, mmoja amemkumbatia mwenzake, hawajui nani alikosea. Enzi hizo kiwanja chetu kilikuwa udongo mwekundu mtupu. Akitimka, vumbi lilibaki nyuma yake hewani, na wewe ukilifuata kwa macho ulijua alikopita, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshafika kwingine.

Wachezaji hodari nimewaona wengi. Muungwana kama yule sijaona. Siku moja tulicheza na timu ya kiwanda kutoka Athi River. Cherehani akawapita wote, akabaki yeye na golikipa, na golikipa akateguka goti akaanguka akipiga kelele. Lango lilikuwa wazi kama mlango wa kanisa Jumapili. Unajua alifanya nini? Aliupiga mpira nje, akamwinamia yule kijana. Sisi tulimtukana! Mimi mwenyewe, mtangazaji wa uwanja, nilimtukana kwa kipaza sauti, Mungu anisamehe. Mechi ilipokwisha tulimuuliza, wewe una wazimu? Akajibu, "Nimfunge nani? Mwenyewe alikuwa chini."

Halafu kuna kisa cha Mutiso. Huyu Mutiso ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tulikaa dawati moja, tukachunga ng'ombe pamoja, tukaoa mwaka mmoja. Alikuwa akicheza kiungo katika Syana, si hodari sana, lakini mwenye bidii. Siku ya fainali moja ya hapa Machakos, mama yake alishuka kutoka milimani kuja kumwona akicheza kwa mara ya kwanza. Alivaa kitenge kipya na kukaa mstari wa mbele. Cherehani alikuwa benchi kwa sababu ya homa. Mambo yalipokuwa mabaya, kocha akamwambia, "Vua fulana, ingia. Mutiso anatoka." Cherehani akamtazama yule mama. Akaketi chini, akafungua kamba za njumu zake, akasema, "Kocha, viatu vimenibana."

Uwanja mzima ulijua ni uongo. Njumu zile zilikuwa zake na alizivaa kila wiki. Mutiso akacheza mpaka filimbi ya mwisho, tukafungwa, na Cherehani akawekwa nje kwa muda mrefu kama adhabu. Hakulalamika. Na Mutiso, ambaye aliacha mpira muda si mrefu baadaye akawa mpiga ngoma wetu, alikuwa akisema kila akilewa kidogo, "Yule mtu alinipa mama yangu."

Mwisho wake uwanjani ulikuwa mbaya. Alivunjwa mguu karibu na kona, upande ule wa vyoo, na wakati huohuo refa alikuwa amempa mwenzetu penalti upande wa pili. Sote tulikuwa tunatazama penalti. Walimbeba kwenye ubao, wakampitisha lango la nyuma. Hakuna aliyempigia makofi. Mimi sikutangaza kwamba ametoka. Tulipogeuka hakuwepo, na hakucheza tena.

Baada ya hapo alirudi shambani kwake, akachimba matuta mlimani kwa mikono yake, akapanda mbaazi na mahindi. Kila siku ya mechi alikuja. Hakukaa jukwaani. Alisimama karibu na kibendera cha kona, palepale alipovunjikia, akiegemea fimbo, na kijana akipoteza mpira mbele yake, badala ya kumzomea alimpigia makofi. Vijana wa siku hizi hawakuwahi kumwona akicheza, lakini walimpenda kwa hayo makofi.

Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, Mumbuni yote ilinyamaza. Waendesha bodaboda walifunga vitambaa vya Syana kwenye vioo vyao. Mama mmoja wa sokoni, ambaye sijawahi kumwona uwanjani hata siku moja, aliniuliza kama ni kweli, kisha akafunika nyanya zake akaenda nyumbani. Hata mahasimu wetu wa Athi River, watu wa viwanda vya EPZ, walikuja kwa marehemu na shada la maua. Kiongozi wao alisimama mbele yetu akasema, "Leo hatuwatukani. Wiki ijayo tutaendelea."

Sasa turudi kwenye ile asubuhi.

Waliokuja ni Kyalo, katibu wa mashabiki, kijana mwenye moyo mzuri na mdomo mwepesi, pamoja na wenzake. Mutiso alikuwepo pia, amekaa kwenye kigoda changu kama kawaida yake. Mimi wote wananiita Karani, kwa kuwa nilikuwa karani wa stoo EPZ kwa miaka mingi, na mwisho wa wiki nilikuwa mtangazaji wa uwanja wetu. Sauti yangu inajulikana. Naam, niliijua na mimi, na niliipenda kuliko ilivyostahili.

"Mzee Karani," Kyalo akasema, "Alhamisi tuko na mechi ya kumbukumbu kabla ya mazishi. Tunataka jezi namba saba ikae benchi. Halafu kipindi cha pili, wewe unamtangaza kama anaingia. Jina lote. Watu wanasimama, wanapiga makofi. Yule mzee alitolewa kama mzigo. Sisi tunataka kumwingiza kama mfalme."

Nilihisi nywele zimesimama kwa raha. Nilishaanza kusikia jinsi nitakavyolisema.

Mutiso akacheka. "Na nani anatoka? Mpira ni watu kumi na mmoja. Ukiingiza, utoe."

"Utatoka wewe," Kyalo akamjibu. "Hilo tumbo tayari limevuka mstari."

"Aiya! Tumbo hili limekulea wewe. Nani alikuwa anakununulia maandazi ukilia langoni?"

Tukacheka sote. Nakwambia, tulicheka! Swali lilikuwa limeulizwa mchana kweupe, kwenye ua wangu, nasi tukalifanya mzaha.

Jioni hiyo nilikwenda kwa marehemu kumwarifu mjane, Mama Kioko. Nilimkuta jikoni nyuma ya nyumba, anachambua mchele na wanawake wenzake. Ni Mkatoliki hasa, kiongozi wa jumuiya, si mtu wa kuogopa ogopa mambo ya kienyeji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mikono kwa kanga yake, akanivuta kando.

"Karani, mtaje. Mtaje usiku na mchana, nitafurahi. Lakini usimwite."

"Kuna tofauti gani, mama?"

"Ukimtaja, unaongea na walio hapa. Ukimwita, unaongea na yeye. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo nilipoolewa hapa, na mimi sikumwuliza sababu. Mtu wetu bado hajalazwa kaburini. Usimsumbue kwa kumwita kazini."

Nilimwambia vai thina, hakuna shida, nitaona. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mjane. Ningeweza kumpigia Kyalo simu nikiwa bado njiani. Badala yake nilitembea kurudi nyumbani nikifanya mazoezi ya kulivuta jina lile kwa sauti ya chini: Nziooo-ka.

Alhamisi ikafika. Mawingu yalikuwa yamekalia vilima, manyunyu yakianguka na kuacha. Kiwanja chetu sasa kina nyasi, tulizipanda wenyewe na tunazijali kama watoto. Watu walijaa mpaka kwenye ukuta. Mutiso aliipiga ngoma polepole, pigo moja moja, na jezi namba saba ilikaa kwenye benchi la akiba, imekunjwa vizuri, hakuna aliyethubutu kukaa karibu nayo.

Kipindi cha pili, mpira ulipotoka nje, Kyalo akaniashiria. Nikashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Syana inafanya mabadiliko! Anaingia, namba saba, winga wa kushoto, Nziooo-ka! Cherehaniii!"

Watu walisimama. Watu wazima walilia. Wale wa Athi River walivua kofia. Makofi yaliendelea mpaka refa mwenyewe akashindwa kupuliza filimbi, akaanza kupiga makofi naye. Nami nilisimama pale juu nikijiambia kwamba sijawahi kutangaza vizuri namna ile. Nilimwona Mama Kioko langoni. Sikujua kwamba atakuja. Hakupiga makofi. Aligeuka akaondoka.

Mechi ikaisha, watu wakaondoka wakiimba kuelekea barabarani. Wakaisahau jezi pale benchi. Mimi hubaki nyuma kila mara, nakunja nyaya na kufunika spika. Mutiso naye alikuwa ameingia stoo ndogo iliyo chini ya jukwaa kuweka ngoma. Nilimsikia humo ndani akijikwaa na kulaani ndoo. Giza lilikuwa ndio linaanza, lile la kwanza ambalo bado unaona rangi za vitu. Nilikuwa nimeshuka na kipaza sauti mkononi, nataka kukivuta waya wake, nikaona mtu amesimama kwenye mstari wa kati.

Alikuwa anapasha mwili joto. Anainua magoti, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mchezaji wa akiba anayesubiri kuingia. Amevaa jezi namba saba. Nikasema moyoni, hawa vijana hawana adabu, nani huyu anachezea jezi ya marehemu?

"Wewe! Vua hiyo!" nikamwita.

Akageuka. Alikuwa kijana wa miaka ile yetu, mwembamba, soksi ya kushoto imeshuka. Akainama, akaivuta juu, kisha akagusa ardhi na kujigusa kooni. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na tabia hiyo. Harufu ya dawa ya kuchua misuli ikanifikia, ile ya zamani iliyokuwa ikituwasha macho chumbani kwa wachezaji. Nikatazama miguu yake. Alikuwa amesimama juu ya nyasi mbichi zenye maji, lakini njumu zake zilikuwa na vumbi jekundu, kavu, la kiwanja ambacho hakipo tena.

Je, wewe ungekimbia? Mimi nilitaka. Sikukimbia.

"Sasa, Karani," akasema. Sauti yake ilikuwa ileile, ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Umeniita, nimekuja. Nimesubiri hapa mstarini. Refa hawezi kuniruhusu. Nani anatoka?"

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Hukusema anayetoka," akarudia, bila ukali wowote. Ilikuwa kama ananikumbusha kitu ambacho mtangazaji mzoefu hapaswi kusahau. "Nani anatoka?"

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ningeweza kukudanganya. Ningeweza kusema niliropoka kwa hofu. Haikuwa hivyo. Hofu ilikuwepo, ndiyo, lakini nilinyamaza nikafikiri. Nilijifikiria mwenyewe kwanza, nikasema hapana, mimi nina mjukuu ninayemlea. Nikamfikiria Kyalo, nikasema bado kijana. Kisha nikamfikiria Mutiso. Nikasema, mke wake alishatangulia. Watoto wake wako mbali na hawapigi simu. Ana sukari, mwenyewe husema hana siku nyingi. Nilipima watu kama nilivyokuwa nikipima marobota ya nguo stoo, hili likae, hili litoke.

"Mutiso," nikasema. "Anatoka Mutiso."

Na sauti yangu ikanirudia kutoka kila pembe ya uwanja. Anatoka Mutiso. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Nilikuwa nimekishika kifuani muda wote.

Ndani ya stoo, kelele za ndoo zikakoma.

Cherehani alinitazama. Niliwahi kuuona uso ule. Ndio aliokuwa nao akimwinamia yule golikipa aliyeanguka akiwa peke yake langoni. Huruma, hakuna zaidi. Ningependelea angenilaani.

Mlango wa stoo ukafunguka. Mutiso akatoka, ngoma begani, akasimama. Alimwona. Najua alimwona kwa sababu alisema taratibu "Ngai", yaani Mungu.

Cherehani akatabasamu. Akatembea mpaka benchi, akaketi, akafungua kamba za njumu zake moja baada ya nyingine, hana haraka.

"Karani," akasema, "siwezi kuingia. Viatu vimenibana."

Niamini, rafiki yangu. Mtu aliyekuwa ameitwa kutoka huko aliko, aliyesubiri mstarini jioni nzima, aliyeupenda mpira kuliko sisi sote, alipewa nafasi ya kuingia tena akaikataa kwa uongo uleule wa kiungwana, kwa ajili ya mtu yuleyule.

Akavua njumu, akazishika mkononi. Akamgeukia Mutiso.

"Mama alifurahi ile siku?"

"Alifurahi, ndugu yangu." Mutiso alikuwa analia bila kujificha. "Mpaka anakufa alikuwa anawasimulia majirani. Alisema nilikuwa mzuri kuliko wote."

"Ulikuwa mzuri," Cherehani akasema. "Ila pasi zako zilikuwa mbaya."

Mutiso akacheka huku machozi yanamtiririka. Hata mimi nilitaka kucheka.

Kisha akanigeukia kwa mara ya mwisho. "Karani, mimi sikuja kutafuta kuingia. Mliniita tu, nikaja. Ila kuna neno moja halikusemwa siku ile nilipovunjika. Liseme sasa niende. Sema, anatoka namba saba."

Ndilo pekee aliloniomba! Nikainua kipaza sauti. Nikafungua mdomo. Sauti ile yote niliyoipenda, iliyojulikana Mumbuni mpaka Athi River, haikutoka. Nilijaribu tena. Ikatoka pumzi tupu, ikavuma kwenye spika kama upepo. Aliyelitangaza jina la rafiki yake dakika chache nyuma hakuweza kulitangaza la shujaa wake.

Mutiso ndiye aliyelisema. Kwa mdomo mtupu, bila spika, kwa sauti yake ya kukwaruza: "Anatoka! Namba saba! Cherehani!" Na akaipiga ngoma. Halikuwa pigo la kilio. Lilikuwa lile la zamani, la haraka, tulilompigia kila alipochukua mpira.

Cherehani akainua mkono akalipungia jukwaa tupu, akauvuka uwanja miguu mitupu, akapita lango la mbele, lango la wachezaji. Lango la nyuma hakulitazama. Mutiso alipiga ngoma mpaka alipotoweka barabarani, na akaendelea kidogo hata baada ya hapo.

Tulipotazama benchi, jezi ilikuwa imekunjwa pale pale. Lakini ilikuwa na vumbi jekundu mabegani, na uwanjani nyasi zilikuwa zinatiririka maji.

"Mutiso," nikaanza.

Akaiweka ngoma chini. "Ungeogopa ukaropoka, singekasirika. Hata mimi ningeropoka. Lakini hicho chuma chako kilikuwa kimewashwa, Karani. Nilikusikia ukivuta pumzi. Nilisikia ukikaa kimya. Nilikusikia ukifikiria."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, na habari za jioni ile hajamsimulia mtu.

Jumamosi tulimzika Cherehani shambani kwake, kwenye tuta la juu alilolichimba mwenyewe. Watu walikuwa wengi mpaka wakasimama ndani ya mbaazi. Mama Kioko alitaka jezi iwekwe juu ya jeneza, nami ndiye niliyempelekea. Alipoipokea alipitisha kidole begani, akakitazama kidole chake chekundu.

"Alikuja," akasema.

"Alikuja, mama."

"Na hakumtoa mtu."

"Hakumtoa mtu."

"Nilijua. Sikuwa na wasiwasi juu yake." Akaikumbatia jezi. "Nilikuwa na wasiwasi juu yenu."

Wewe unayenisikiliza, kama una shujaa wako aliyekwisha kwenda, msifu. Simulia mabao yake, ziba barabara, vaa jezi yake, lia mbele za watu bila aibu. Mtaje. Lakini usimwite aje, hata kwa heshima, hata kwa makofi. Wafu wetu wengine ni waungwana kiasi kwamba watakuja kwa sababu tu wameitwa, na wakifika ni wewe utakayeulizwa swali. Hujui utajibu nini. Mimi nilidhani najua mimi ni mtu wa namna gani, na nilikuwa mzee tayari.

Kipaza sauti nilimwachia Kyalo. Anatangaza vizuri, ila anapiga kelele mno. Siku za mechi nasimama karibu na kibendera cha kona, na kijana akipoteza mpira nampigia makofi. Hilo nalo nimeliiga tu.

Mutiso hakufa. Sukari yake imetulia, na watoto wake wameanza kumtembelea. Shamba lake limepakana na langu, kuna ua wa miiba tu katikati. Kila asubuhi namwona akitoka na jembe. Namwamkia. Anainama, anaanza kulima. Kigoda chake bado kiko kwenye ua wangu, sijakiondoa, na hakuna anayekikalia. Tangu darasa la kwanza nilikuwa na rafiki mmoja tu, na nikampoteza kwa kukubali kumwita mtu aliyekwisha kufa.